TV ya barazani Tanga inaliwa ikiwa imezimwa

Kombe la Dunia la mwaka 2026 linaanza Juni 11 huko Marekani, Kanada na Mexico, na kwa saa zetu mechi nyingi zinaangukia usiku na alfajiri. Kwa nyumba za huku Tanga maana yake watu watakaa nje. Watoto wamelala ndani, goli likiingia hakuna anayeweza kujizuia, na wageni wakifika saba sebule imejaa. Ndiyo maana tangu masika yaanze kila ninayekutana naye ananiuliza: dada, barazani niweke TV gani?

Wananiuliza mimi kwa sababu barazani kwetu Raskazone pana TV nzima inayofanya kazi, na baharini ni mwendo mfupi wa miguu. Pia shemeji yangu ni fundi TV, ana kibanda chake Ngamiani, na mengi ninayoyajua nimeyaona mezani kwake. Sababu ya kuitaka TV hiyo ilikuwa baba mkwe wangu. Mzee hakai ndani. Tangu astaafu siku yake yote ipo barazani, na kiti chake, redio yake na kahawa yake, na kila apitaye lazima asimame amsalimie. Ni mtu wa Coastal Union wa damu, katika wale walioiona ikichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988. Nilipoolewa nyumba hii nilimkuta mechi zote anazisikiliza redioni, kwa kuwa TV ilikuwa sebuleni na yeye sebuleni haingii. Nilitaka aione timu yake akiwa palepale anapopenda kukaa. Nimelifuatilia jambo hili kwa moyo wangu wote, na naona vizuri nilieleze kwa kirefu kuliko kumjibu kila mtu nusunusu sokoni.

Kabla hatujanunua chochote shemeji aliniita kibandani nikaone TV iliyotolewa kwenye baraza la nyumba moja ya ufukweni. Kwa nje ilikuwa mpya, kioo safi, hata nailoni ya kwenye fremu ilikuwa haijabanduliwa. Akailaza kifudifudi juu ya blanketi, akaanza kufungua skrubu za mgongoni. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka bisibisi ikawa inateleza. Alipotoa kifuniko alipitisha kidole upande wa ndani, akaninyooshea.

"Shika shemeji."

Vumbi jeupe lenye punjepunje, lenye unyevu kidogo. Chumvi. Kwenye bodi, pale zinapochomekwa zile nyaya bapa zinazopeleka picha kwenye kioo, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Pembeni ya bodi ya umeme kulikuwa na maganda mawili meupe ya mayai ya mjusi kafiri.

"Hii haijanyeshewa hata siku moja," akasema. "Wenyewe wameniapia, na mimi nawaamini. Maji hayakuingia kwa juu. Yamezaliwa humuhumu ndani."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua macho. Watu wote wanaonijia wanaogopa mvua. Wananiuliza TV isiyoingia maji, wananiuliza kama turubai litatosha. Baraza lenye paa la kutokeza vizuri mvua hailipati sana, na hata ikirusha matone wakati wa tufani unaona, unafuta, unazima. Kinachoua TV za pwani ni hewa yenyewe, usiku, watu wote wakiwa wamelala.

Hebu tuifikirie chumvi. Upepo wa bahari huja na chembe za chumvi ambazo hatuzioni, zinatua juu ya kila kitu, na TV ina matundu mgongoni ya kutolea joto, kwa hiyo zinatua mpaka ndani. Ikiwa kavu, chumvi haina neno. Lakini unyevu wa hewa ukishapita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Wenye majiko huku tunalijua hili bila kufundishwa na mtu: masika chumvi ya kwenye kikopo inalowa, tunatia punje za mchele. Ni chumvi ileile na tabia ileile, tofauti ni kwamba ndani ya TV inalowea juu ya shaba, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Usiku wa Tanga unyevu unavuka asilimia 80 na 90 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Bodi iliyotandwa na chumvi basi inakaa imelowa tangu isha hadi jua lichomoze. Ukibonyeza rimoti asubuhi, shoti.

Halafu kuna umande. Usiku wenye nyota bati hupoa haraka kuliko hewa, na kitu cha chuma kilicho chini yake au karibu na ukingo wake nacho hupoa. Hewa yenye unyevu mwingi ikigusa kitu kilichopoa kuliko yenyewe inaacha maji. Angalia boneti la gari lililolala nje, au kiti cha plastiki ulichokisahau uani. TV iliyozimwa ni hivyohivyo.

Sasa upande wa pili wa jambo hili, na ndio ulionipa furaha. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 90, ukiipasha mpaka nyuzi 30, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 67. Hujatoa hata tone moja la maji, umeipa joto tu, na tayari chumvi haiwezi kulowa. TV ikiwa inawaka inajipa joto hilo yenyewe. Kwa hiyo TV inayowashwa kila jioni iko salama katika saa zile za kuwaka, na ile inayofunguliwa siku ya Idi na siku ya harusi peke yake ndiyo inayooza. Shemeji anasema nyingi anazopokea kutoka nyumba za ufukweni ni za watu wanaokuja Tanga likizo. Taa nyekundu ya kuonyesha kwamba TV ipo kwenye umeme haisaidii kitu, maana hapo inakula chini ya wati moja na joto lake halifiki popote.

Ukishalielewa hilo, swali la kununua linabadilika kabisa.

Zipo TV zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya nje. Samsung walitoa yao mwaka 2020, wakaiita The Terrace, na Marekani kuna kampuni kama SunBrite ambazo kazi yao ni hiyo. The Terrace ilitoka na alama ya IP55. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni kinga ya maji, na 5 ya pili inamaanisha inavumilia maji yanayorushwa kwa bomba kutoka upande wowote. Ni vitu vizuri kweli. Mwenye hoteli Pangani au Nungwi anayetaka TV kando ya bwawa la kuogelea, jua kali mchana kutwa, namshauri anunue hiyo na asitafute njia ya mkato. Ila alama ya IP hupimwa kwa vumbi na maji ya kurushwa, haipimwi kwa umande wala kwa hewa ya chumvi ya mwaka baada ya mwaka. Na kwa bei ya moja ya hizo unapata za kawaida nne au tano. Kwa baraza la nyumbani lenye paa, linalokaliwa zaidi jioni, naona ni fedha nyingi kwa kinga ya kitu ambacho si tatizo lako kubwa.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa TV ya kawaida iliyochaguliwa kwa akili, ikawekwa mahali pake na ikalindwa usiku. Ukichukua njia hii ujue mambo mawili mapema. Vitabu vinavyokuja na TV za kawaida, kwenye kurasa za mwisho, huandika unyevu unaoruhusiwa, na kwa nyingi ni hadi asilimia 80, tena pasipo umande. Na waranti kwa kawaida haihusu TV iliyowekwa nje. Unanunua ukijua kwamba mlinzi ni wewe.

Anza na ukuta, dukani utaenda baadaye. Kaa barazani siku moja tangu asubuhi uone jua linaingia wapi. Tanga tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi: Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini saa sita daima liko juu na paa la kawaida linalizuia. Jua baya ni la chini, la asubuhi kwa baraza linalotazama bahari na la saa kumi na saa kumi na moja jioni kwa baraza linalotazama magharibi. Hilo linaingia mpaka ukutani, na saa kumi ndiyo saa ya mechi za ligi. Jua likipiga kioo moja kwa moja kwa muda mrefu, kioo kinapata joto mpaka picha inafanya mabaka meusi. Likijirudia kila siku mabaka hayaondoki tena.

Angalia na upepo. Kusi na kaskazi zote mbili kwetu zinatoka upande wa baharini, kwa hiyo ukuta unaotazamana na bahari unapigwa chumvi mwaka mzima. Sisi tulichagua ukuta mfupi wa upande, uliojificha nyuma ya chumba cha mbele. Upepo unapita mbele ya baraza, TV haimo njiani mwake. Uamuzi huo ni wa bure, na nadhani umetusaidia kuliko kitu chochote tulichonunua. Ukuta wenyewe pia uwe mkavu. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zinavuta maji kutoka chini na rangi inabanduka yenyewe. Ukuta wa namna hiyo usiupandishe TV, au iweke mbali nao angalau upana wa kiganja, hewa ipite nyuma.

Haya, dukani. Muuzaji atakuambia kuhusu 4K na programu za intaneti, na TV zote siku hizi zinavyo. Maswali yangu yalikuwa mengine. Nilimwamkia yule mzee mwenye duka, nikamwomba kiti. Nikakiweka pembeni kabisa ya TV, si mbele yake.

"Binti yangu, mbona unakaa huko? Njoo huku mbele uone rangi."

"Nakuomba radhi mzee wangu, kwetu hakuna anayekaa mbele. Ni baraza."

Akacheka, akaelewa palepale, akawa ananiwashia moja baada ya nyingine. Barazani watu wanakaa kufuata kuta: mmoja kwenye benchi la saruji, mwingine kwenye mkeka, watoto ngazini. Nusu yao wanatazama kwa ubavu. Kuna aina mbili kubwa za vioo vya kawaida. Kinachoitwa VA kina weusi mzuri sana ukiwa mbele, lakini ukisogea pembeni rangi zinapauka na nyuso za watu zinakuwa kijivu. Kinachoitwa IPS kina weusi hafifu, lakini ukikaa pembeni picha inabaki ileile. Kwa chumbani ningechukua VA. Kwa baraza IPS, bila kusita. Kwenye boksi mara nyingi hawaandiki, kwa hiyo kiti cha pembeni ndicho kipimo, na omba uwekewe mpira, maana kijani cha uwanja kikipauka unakiona haraka.

La pili ni mng'ao, unaopimwa kwa niti. TV za kawaida za bei ya chini ziko kwenye niti 250 hadi 350, na za nje kama The Terrace zinakwenda mpaka 2,000. Mtu akitaka kutazama mchana kweupe anahitaji nyingi. Lakini jiulize kweli unatazama saa ngapi. Kwetu mechi nyingi na taarifa ya habari ni baada ya magharibi, na barazani kwenye kivuli cha ukuta mfupi niti 400 zinatosha hata alasiri. Usilipe mara tano kwa ajili ya saa moja ya jua ambayo unaweza kuizuia kwa pazia la mkeka. Tulining'iniza la ukindu upande wa magharibi, tunaliteremsha saa tisa na nusu. Baba mkwe analipenda kuliko TV yenyewe, linampa kivuli cha kulalia.

Angalia pia kama kioo kinang'aa au kimefifishwa. Kizime, usimame mbele yake chini ya taa za duka. Ukijiona uso wako wazi, ukifika nyumbani utakuwa unatazama taa za barazani na pikipiki zinazopita barabarani.

TV za OLED, aina nyingine ya kioo, acha sebuleni. Zina picha nzuri kuliko zote, lakini zile chembe zinazotoa mwanga hazipatani na joto na jua, na bei yake itakuumiza roho kila ukisikia ngurumo. Ukubwa: kama watu wanakaa mita tatu mpaka nne kutoka ukutani, inchi 50 au 55 ndiyo saizi. Ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi, pima ukuta kwanza. Sisi tulichukua 50. Kuhusu sauti sina maneno mengi: spika za TV nyembamba zinaelekea nyuma au chini na barazani sauti inapotea, kwa hiyo weka spika ndogo ya pembeni. Mvua ikipiga juu ya bati hakuna spika itakayosikika, soma matokeo chini ya kioo. Na majirani wana haki yao. Adhana ikiadhiniwa tunazima sauti.

Tumefika kwenye kabati, na hapa naomba nipewe nafasi. Seremala wetu alitengeneza kabati la mvule lisilo na kina kirefu, la kufungwa ukutani, lenye milango miwili inayofunguka mpaka ikalala kando kabisa. TV inapowaka milango iko wazi na joto linatoka. Ikizimwa milango inafungwa. Chini na juu kuna mianya ya kupitisha hewa, na kila mwanya umezibwa kwa wavu wa mbu wa madirishani, wa waya si wa nailoni, kwa ajili ya mijusi kafiri. Mijusi wanafuata joto, wanaingia kwenye matundu ya mgongoni, na mmoja akikanyaga bodi ya umeme kwa miguu miwili mahali pabaya anakufa yeye na TV yako. Nyigu wa udongo nao wanapenda kujenga kwenye matundu ya HDMI (ya kebo ya picha na sauti) yasiyotumika. Shemeji aliyaziba kwa vifuniko vidogo vya mpira.

Ndani ya kabati, chini, kuna balbu mbili za friji za wati 15 kila moja, zile za zamani zinazotoa moto. LED hazifai hapa, kwa sababu tunachokitaka ni joto. Zimo ndani ya kikapu cha waya, mbali na TV na mbali na mbao. Baba mkwe akienda kulala anafunga milango na kuwasha swichi. Hizo ni wati 30, kwa saa kumi ni yuniti 0.3, kwa mwezi yuniti 9. Niliweka ndani kipima unyevu kidogo cha betri. Kabla ya alfajiri moja ya mwezi wa nne, nje kilisoma 91, ndani 72. Niliposimama pale na tochi nikiitazama ile 72 nilimwita mume wangu aje aione. Iko chini ya 75, chumvi kavu, bodi kavu.

Wengi wanataka kurahisisha kwa nailoni. Wanaivisha TV mfuko wa plastiki jioni. Plastiki inafungia unyevu ndani, asubuhi ukivua matone yanachuruzika kwenye kioo. Kama huna kabati, afadhali kitambaa kizito cha pamba kinachopumua, kinazuia chumvi na vumbi bila kuifunga hewa. Na vile vipakiti vyenye punje vinavyokuja ndani ya viatu, ukiviweka kwenye kabati lenye mianya vinashiba maji ndani ya siku chache, baada ya hapo ni mapambo.

Skrubu na braketi ziwe za chuma kisichoshika kutu. Braketi nyingi za dukani ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi, na pale skrubu inapokwangua rangi ndipo kutu inapoanzia. Tulipaka grisi kwenye kila kichwa cha skrubu siku ya kufunga, na shemeji huifungua kila masika yanapokwisha kuangalia nyuma na kupuliza.

Umeme wa nje mwachie fundi mwenye leseni, nakusihi. Soketi iwe ya nje yenye mfuniko, juu na si karibu na sakafu inayodekiwa, na kwenye boksi la umeme pawe na kifaa kinachokata umeme ukivuja hata miliampu 30. Barazani watu wako peku, sakafu ni saruji, mara nyingi imelowa, na watoto wanagusa kila kitu. Kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka nacho kiwepo. Kebo ya ungo na ya umeme uiache ining'inie chini kidogo kuliko tundu inapoingilia, ili maji yanayoifuata yadondoke pale kwenye kona ya chini badala ya kuingia ndani. King'amuzi chetu kiko sebuleni, kebo ya HDMI imepita ukutani. Hakuna sababu ya kuharibu vitu viwili. Radi zikianza kupiga, chomoa vyote, na ungo pia.

Kioo usikifute kikavu. Ile chumvi ni punje, ukiisugua unakwaruza. Kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa sana, TV ikiwa imezimwa na imepoa, pitisha taratibu, kisha kikavu. Sisi hufanya hivyo kila Ijumaa kabla ya swala.

Walioko mbali na bahari wana nafuu kubwa. Kadiri unavyokwenda bara chumvi inapungua, na mtu wa Pongwe au Muheza hana haja ya hofu zangu zote. Jamaa zetu wa Amani, juu Usambara Mashariki, wana unyevu kuliko sisi lakini chumvi hawana. Huko tatizo ni kuvu na umande, na zile balbu peke yake zinawatosha.

Na mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta? Chukua inchi 32, ni kilo nne hivi, mtu mmoja anaibeba bila msaada. Iweke juu ya meza, itoe jioni, irudishe ndani ukimaliza. Hakuna kabati wala balbu inayoshinda hilo kwa usalama. Ila kama unaitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi usiichomeke mara moja. Imepoa kuliko hewa ya nje, kwa hiyo inatoka jasho nje na ndani palepale utakapoifikisha barazani. Iache isimame kama saa moja, ipate joto la nje, ndipo uiwashe. Kwa mechi ya saa nne usiku, itoe ukimaliza kula.